Naambiwa nikimbie polepole, sasa polepole ndo kiasi gani? Na raba nichukue zipi?

Mbio_Asubuhi
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaokimbia kwa ajili ya afya na kujifurahisha, maana mi sio mtu wa mashindano, nataka tu siku moja nimalize kilometa 21 nikiwa mzima. Nimeanza miezi kadhaa sasa, natoka asubuhi kabla ya kazi mara tatu au nne kwa wiki, kilometa tano mpaka saba. Ishu ni kwamba kila nikirudi nimerudi hoi, pumzi iko juu juu, na hivi karibuni huku mbele ya mguu kwenye muundi pameanza kuuma, nikianza kukimbia panauma, nikishapata moto panaachia, jioni panarudi tena.

Wazoefu wote wananiambia punguza mwendo. Sawa, nikipunguza naona natembea kabisa, na saa bado inasoma mapigo 160 na kitu, sasa nipunguze mpaka wapi?

La pili ni raba. Nilizonazo ni za jimu za kawaida, soli ngumu. Mmoja kaniambia chukua zenye bamba la kaboni zinakusukuma zenyewe, mwingine anasema nipimwe unyayo kwanza maana mguu wangu ni bapa, mwingine anasema soli nyembamba ndo asili ya binadamu. Nimechanganyikiwa kwa kweli. Nianze na lipi?

PumziNdefu
Karibu sana mkuu, na hongera, mara tatu nne kwa wiki kwa miezi sio kitu kidogo.

Kuhusu mwendo, achana na saa kwanza. Kipimo ambacho mpaka wataalamu wa michezo wanakikubali ni mdomo wako. Ukiwa unakimbia sema sentensi ndefu kwa sauti, mfano mweleze mtu utafanya nini leo kazini kuanzia asubuhi mpaka jioni, ukimaliza bila kukatiza katikati kuvuta hewa basi uko sawa. Ukitoa maneno matatu unahema, matatu unahema, hapo umeshatoka kwenye wepesi hata kama mwendo wenyewe unauonea aibu. Na ukiweza kuimba vizuri kabisa basi unaweza kuongeza kidogo.

Sasa hiyo 160. Saa ya mkononi inapiga mwanga kwenye ngozi inasoma damu inavyopita, na ukikimbia mkono unatikisika, kwa hiyo kuna wakati inaacha kusoma moyo inaanza kuhesabu hatua zako. Wakimbiaji wengi wanapiga hatua 150 mpaka 180 kwa dakika, kwa hiyo ukiona mapigo yameganda kwenye 160 na kitu tangu dakika ya pili na hayapandi wala kushuka hata kwenye kilima, jua hapo unasoma miguu. Ivae juu kidogo ya kile kifundo cha mkono, ibane isicheze, uone. Ukitaka uhakika mkanda wa kifuani unasoma vizuri zaidi. Halafu ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo wako, ni wastani wa watu wengi, mtu wa miaka 40 ataambiwa mwisho wake ni 180, lakini wapo wa umri huohuo wanaofika 190 na zaidi na wapo wanaoishia 170, na wote wazima kabisa. Kama saa imekupangia kanda za mapigo (nyepesi, ya kati, ngumu) kwa hesabu hiyo inaweza kukupotosha mwanzo mwisho.

Na kama ili uweze kuongea inabidi utembee, tembea! Kimbia dakika nne tembea moja, au mbili kwa moja, rudia mpaka muda uishe. Jeff Galloway ambaye alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972 ndo alieneza sana mtindo huu wa kukimbia na kutembea, na watu wengi sana wamemaliza marathoni kwa njia hiyo. Hakuna anayekudai.

Kwa nini polepole inasaidia? Kwenye mwendo mwepesi moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, misuli inaotesha mishipa midogo midogo ya damu, na mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya kutengeneza nguvu ndani ya seli, zinaongezeka, na hivi vyote vinataka muda mrefu wa kazi nyepesi kuliko dakika chache za kufa mtu. Ukienda polepole unaweza kurudi kesho. Ukirudi hoi kila siku unakuwa huna siku ya kukimbia kasi kweli na huna siku ya kupumzika, unakaa katikati tu, ndo hapo ulipo sasa hivi mkuu.

Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, hiyo ni kama dakika 2 na sekunde 52 kila kilometa. Lakini sehemu kubwa ya kilometa za wakimbiaji wa kiwango hicho kwa wiki ni za taratibu, mbali kabisa na hiyo kasi. Kama wao wanaziheshimu, sisi je?

SoliMbili
Mi nijibu la raba maana hapo ndo watu wanapoteza hela.

Za kaboni acha kwa sasa. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya siku ya mashindano, foamu laini sana na nene, bamba limelala katikati, faida yake unaipata ukiwa kwenye kasi. Ukienda mwendo wa kuongea na mwenzako faida inapungua sana, na nyingi hazitulii chini, kisigino chembamba, ukipiga kona enka inayumba. Mpaka chama cha riadha cha dunia kimeweka kikomo, soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40. Afu zinachakaa haraka kuliko za mazoezi. We tafuta za mazoezi ya kila siku, hizo ndo zitakubebea kilometa zako zote.

Hilo la unyayo bapa lilikuwa maarufu sana zamani, unakanyaga karatasi kwa mguu wenye maji, wanaangalia alama, wanakuambia we ni wa kundi fulani. Lilijaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo, kundi moja likapewa raba kulingana na umbo la unyayo, jingine likapewa aina moja wote, na majeraha yakatoka karibu sawasawa. Kwa hiyo mguu bapa peke yake sio ugonjwa na sio sababu ya kununua raba ngumu yenye vizuizi pembeni, isipokuwa kama ukizivaa unajisikia vizuri nazo. Kujisikia vizuri ndo kigezo cha kwanza kwangu, nasema hivi kwa moyo wote, raba inayokufanya uhisi "hii itazoea" iache hapohapo dukani.

Jinsi ya kujaribu: nenda jioni, miguu inakuwa imevimba kidogo kama inavyovimba ukikimbia. Nenda na soksi zako za kukimbilia. Simama (usikae), bonyeza mbele ya kidole kirefu, iwepo nafasi ya upana wa kidole gumba, na kumbuka kwa watu wengine kidole kirefu ni cha pili. Mara nyingi inatoka nusu saizi au saizi nzima zaidi ya viatu vyako vya kazini. Wanaopata kucha nyeusi wengi ni raba fupi hiyo, kidole kinagonga mbele kila hatua kwenye mteremko. Pembeni zisikubane, kitambaa kisivimbe nje ya soli. Afu kimbia nazo kidogo humo humo, sio kutembea tu.

Kama mbele pako sawa ila kisigino kinachomoka, usikimbilie saizi ndogo. Angalia kule juu kabisa, raba nyingi zina tundu la ziada ambalo halijapitishwa kamba. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande huohuo ili itokee kitanzi kidogo, fanya na upande wa pili, kisha chukua ncha ya kulia ipitishe kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini kwanza ndo ufunge. Kisigino kinatulia kabisa na huku mbele vidole vinabaki huru. Hii kitu imeokoa raba nyingi ambazo zingetupwa.

Soli nyembamba sio mbaya, ila angalia tofauti ya urefu kati ya kisigino na vidole. Raba za kawaida kisigino kimenyanyuka milimita 8 mpaka 12, hizo za "asili" ni sifuri. Ukitoka 10 kwenda sifuri kwa siku moja mzigo wote unaangukia kigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino, na wewe tayari mguu unalalamika, kwa hiyo sio wakati wake.

KigimbiChuma
Naomba niingilie, wote mmeongea vizuri lakini jamaa ana maumivu na hilo ndo la kwanza kabla ya raba na kabla ya mwendo.

Mkuu @Mbio_Asubuhi kaa chini, pitisha kidole taratibu kwenye mfupa wa muundi upande wa ndani, kuanzia juu ya enka kupanda juu. Kama panauma eneo refu, yaani urefu wa vidole vinne vitano au zaidi, na unasema ukipata moto panaachia, hiyo mara nyingi ni mfupa na nyama zake vimezidiwa na mzigo. Lakini kama kuna sehemu moja ndogo ukiigusa unaruka, au panauma hata umelala usiku, au ukiruka kwa mguu mmoja panachoma palepale, acha kukimbia leo ukamwone daktari, inaweza kuwa ufa kwenye mfupa na ufa haukimbiwi ukapona.

Kama ni ile ya kwanza, punguza kilometa kama nusu kwa wiki mbili tatu, fupisha hatua kidogo mguu utue karibu na chini ya mwili badala ya mbele sana, na anza kunyanyua visigino, simama kwenye ngazi, panda kwa vidole, shuka taratibu, kwanza miguu yote halafu mguu mmoja mmoja. Watu wengi hawaelewi kwamba pumzi inakua kwa wiki chache, ila mifupa na kano vinataka miezi. Ndo maana mtu anajisikia ana nguvu za kuongeza, anaongeza, na muundi unamkatalia. Raba mpya itakupa nafuu lakini kama mzigo ni uleule maumivu yatarudi.

Kasi_Kwanza
Mi natofautiana kidogo na PumziNdefu. Hii habari ya kila siku polepole inawafanya watu wanabaki polepole. Ile asilimia 80 nyepesi 20 ngumu inayotajwa sana imetokana na wanamichezo wanaofanya mazoezi mara kumi na zaidi kwa wiki, mtu wa mara tatu atabaki na nini?

PumziNdefu
Hoja ya msingi hiyo na nakubaliana na sehemu yake. Ni kweli Stephen Seiler, mtafiti wa michezo aliyeipa umaarufu hiyo 80 kwa 20, aliiona kwa wanamichezo wa juu. Kwa mtu wa mara tatu sio lazima upige hesabu ya asilimia, siku mbili nyepesi na moja yenye kasi kidogo inatosha kabisa. Lakini sio sasa hivi na muundi unauma. Maumivu yakiisha kabisa aanze na vipande vya sekunde 20 mwishoni mwa mbio nyepesi, vinne mpaka sita, anakimbia kwa kasi nzuri bila kujikamua, anatembea mpaka pumzi irudi yote, ndo anapiga kingine. Miguu inakumbuka kasi na mwili hauchoki.

Mbio_Asubuhi
Asanteni sana wakuu, nimefurahi kweli. Nimepitisha kidole, panauma eneo refu, hakuna sehemu moja inayochoma, usiku niko sawa. Leo nimejaribu kuongea nikikimbia, imebidi nitembee mara nyingi tu lakini nimerudi sijachoka, mpaka nimeshangaa. Saa nimeipandisha juu ya kifundo ikashuka mpaka 140 na kidogo.

Swali la mwisho, nitajuaje kama napiga hatua wakati mwendo ni wa kobe? Na raba hizo za mazoezi zinakaa muda gani?

SoliMbili
Raba wengi wanazitumia kati ya kilometa 500 na 800, inategemea uzito wako, barabara na foamu yenyewe. Usiangalie chini tu, angalia foamu pembeni, ukiona mikunjo imebaki hata raba ikiwa imekaa bila mguu, na ukianza kuhisi lami inagonga, zimekwisha. Ukiweza kuwa na jozi mbili tofauti ukawa unabadilishana ni vizuri zaidi, mguu haupigwi sehemu ileile kila siku. Na hizo za jimu ziache zibaki jimu.

PumziNdefu
Chagua njia moja, iwe tambarare, saa ileile ya asubuhi, ukimbie kwa mwendo wa kuongea kila baada ya wiki tatu nne, uandike muda na wastani wa mapigo. Mapigo yakiwa yaleyale na muda ukapungua, umepiga hatua. Siku ya joto kali au ukiwa umelala vibaya mapigo yanapanda yenyewe, kwa hiyo usiihesabu siku hiyo. Na kabla ya hapo utaona vipande vya kutembea vinapungua vyenyewe bila kuvilazimisha. Ukishafika dakika 40 bila kutembea na muundi umenyamaza, rudi hapa tupange hiyo 21.