Reli ya Tanga haikufa yenyewe! Acheni kuturusha kutoka 1911 hadi 2019

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyependa kusoma marefu apite, ila asije akaniuliza huko chini "kwani unalalamikia nini" wakati nimeshaeleza.

Wiki iliyopita nilikaa ukumbini, Tanga mjini, nikasikiliza mada kuhusu historia ya reli yetu. Ofisi iliyoandaa siitaji, na mtoa mada simtaji. Picha ya kwanza ukutani: Wajerumani wamesimama mbele ya kichwa cha mvuke. Ya pili: ramani ya Tanga hadi Moshi, imeandikwa 1911. Ya tatu, nawaapia, ilikuwa treni ya 2019 na watu wanaipungia mikono. Miaka 108 imerukwa kwa kubonyeza kitufe mara moja. Niliponyanyuka kuuliza waliofanya kazi humo katikati wako wapi, nikaambiwa muda umekwisha, tutoke tukanywe chai.

Baba yangu yumo humo katikati. Alikuwa mtu wa gengi, yaani kikundi cha kutunza na kutengeneza njia ya reli, kambi yao ilikuwa kati ya Mkomazi na Hedaru, na mimi nimezaliwa kambini pale. Kwa hiyo chai sikunywa.

Sasa tuanze na huo mwanzo mnaoupenda, maana hata huo mnausimulia kombo. "Mjerumani alijenga reli, Mjerumani alikuwa makini." Makini gani? Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, na aliyeanza hakuwa serikali, ilikuwa kampuni binafsi. Ilipofika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu, kampuni ikakwama kwa fedha. Njia ikasimama hapo hadi mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ilipoinunua. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Katika muda huohuo Mwingereza alianza Mombasa 1896, na 1901 alikuwa ameshagusa ziwa pale Kisumu, zaidi ya kilomita 900. Mzigo wa Kilimanjaro ukawa unapita Taveta kwenda kupandia treni Voi, upande wa Kenya, huku reli ya Tanga ikisuasua chini ya Usambara. Hayo ukumbini hayakutajwa hata kwa sentensi moja.

Na ilijengwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya walowezi na mashamba yao. Kwanza kahawa ya Usambara, ambayo iliwaangusha, kisha mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka uleule reli inaanza. Ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutoka hiyo ndiyo Tanga ikaja kuwa Tanga. Lakini miche haijilimi. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, Lushoto ya leo, wakaleta mfumo wa kadi: kila mwanamume atumikie shamba la Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na siku zinawekewa alama kwenye kadi yake. Ukisimulia reli ya Usambara bila ile kadi, umesimulia chuma ukaacha mgongo uliokibeba.

Vita ya kwanza ya dunia nitaipitia haraka, kwa sababu hiyo angalau watu wanaikumbuka. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi Tanga, na kila mtu anasimulia nyuki walivyowashambulia. Sawa, nyuki walikuwepo. Lakini askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliwahi Tanga kwa sababu waliteremshwa kwa treni kutoka upande wa Moshi. Bila reli ile pambano la Tanga lingekwenda vingine kabisa. Mwaka 1916 Wajerumani wanarudi nyuma wakawa wanavunja madaraja, na Waingereza wakaja na reli yao kutoka Voi hadi Kahe, kwenye njia yetu karibu na Moshi, ndiyo Tanga na Mombasa zikashikana kwa chuma. Arusha ilifikiwa 1929, enzi ya Mwingereza. Kwa hiyo hata hiyo "reli ya Mjerumani" kipande chake cha mwisho si cha Mjerumani.

Sasa nifike kwangu.

Baba aliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 60, bado reli zetu, za Kenya na za Uganda zikiwa shirika moja. Gengi lilikuwa na kipande chake cha njia, na kipande hicho mlikijua kama mnavyojua uwanja wa nyumba yenu. Asubuhi kabla jua halijawa kali mmoja anatembea njia yote na nyundo, anagonga, anasikiliza. Reli iliyokaa vizuri ina mlio wake na boliti iliyolegea ina mlio wake. Mataruma yalikuwa ya chuma, maana ya mbao yangeliwa na mchwa, na yale ya chuma jua la Mkomazi likiyapata mchana huwezi kuyashika kwa mkono mtupu. Masika ndiyo ilikuwa vita yao. Maji yakishuka kutoka milima ya Upare yanakuja na mawe na miti, yanaziba kalvati, yanakula tuta, na saa nane usiku mnyapara anagonga milango ya kambi. Nikiwa mtoto nilimwona baba anarudi alfajiri, tope hadi kiunoni, anakaa kizingitini hasemi neno, anasikiliza. Treni ikishapita salama ndipo anamwambia mama, "Haya, lete chai." Hiyo ndiyo chai ninayoijua mimi ya reli.

Watu hawa ndio waliobeba njia kwa miaka zaidi ya 80 baada ya Mjerumani kuondoka. Ni katika enzi yao, mwaka 1963, ilipojengwa njia ya kuunganisha Mnyusi, kwenye reli ya Tanga, na Ruvu, kwenye Reli ya Kati. Kabla ya hapo reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazikutani popote ndani ya nchi yetu. Hebu fikirieni: nchi moja, njia mbili za wakoloni, kila moja inakimbilia bandari yake, na behewa la Moshi haliwezi kufika Tabora! Hicho ndicho kipande tulichounga sisi wenyewe baada ya uhuru, na mimi kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote katika historia ya njia hii. Ukumbini kilipata picha ngapi? Hakuna.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na baba akawa amelala mfanyakazi wa shirika la nchi tatu akaamka mfanyakazi wa Shirika la Reli Tanzania. Vipuri, karakana kubwa, vichwa vya treni, vyote vikawa hesabu za kugawana. Mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, njia ya Kahe kwenda Voi ikakosa kazi. Lakini gengi liliendelea kugonga reli kila asubuhi.

Halafu ndiyo likaja hili neno linalonichoma: "reli ilikufa." Hata mtoa mada alilisema hivyohivyo, kama anazungumzia mzee aliyelala usingizini. Reli haifi hivyo, ndugu zangu. Reli inaachwa. Kwanza wanapunguza watu wa gengi, kambi tatu zinakuwa moja. Kisha kipande kibovu hakitengenezwi, dreva anaambiwa apite taratibu. Vipande vya kupita taratibu vikiwa vingi, safari ya usiku mmoja inakuwa usiku na mchana. Abiria anachoka anahamia basi. Abiria akihama, mtu ofisini anasema "njia hii haina abiria." Treni za abiria za Moshi zikaondolewa miaka ya 90. Za mizigo zikafuata kunyamaza katika miaka ya 2000.

Najua kuna mtu atakuja na hoja ya mkonge. Hoja hiyo ina ukweli na siikatai. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, nyingi kutoka kwetu. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa na mengi yakageuka msitu, na mwishoni mwa miaka ya 90 tulikuwa tunahesabu kama tani 20,000 hivi. Pigo kubwa, hakuna anayebisha. Lakini saruji ya Pongwe haikufa. Jasi ya Makanya haikufa. Watu wa Korogwe, Mombo, Hedaru, Same hawakuacha kusafiri hata siku moja. Mzigo na abiria walikuwepo, walihamia barabarani. Sasa mtu akiniambia reli ilikosa kazi namuuliza, yale malori yaliyojipanga usiku kucha kwenye barabara ya Segera yalikuwa yamebeba hewa?

Mwaka 2007 reli ikakabidhiwa kampuni mpya, RITES ya India hisa 51 kwa mia, serikali 49, mkataba wa miaka 25. Haukufika hata miaka 5. Siongezi neno hapo, tarakimu zinatosha. Ninachojua kwa macho yangu ni kwamba miaka ile nyasi za Mkomazi zilikuwa zimefunika njia, mbuzi wanalala katikati ya reli, na watu wasio na haya wanafungua boliti usiku kuuza chuma chakavu. Baba alikuwa ameshastaafu. Alikuwa anatoka na fimbo yake anakwenda kusimama kwenye tuta, anaangalia mahali palipong'olewa, anarudi. Kuna kipindi akaacha kwenda. Sikumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo Julai 2019 treni ya mizigo iliporudi, Disemba ile ile abiria wakafika Moshi, na Oktoba 2020 Arusha, mimi nililia, siwafichi. Nilifurahi na ninafurahi hadi leo. Hasira yangu si kwa treni. Hasira yangu ni kwamba tuta lile halikuwa jipya. Njia iliyokaa bila treni miaka yote hiyo ilifufulika kwa sababu watu fulani waliwahi kuizibua kalvati zake saa nane za usiku kwa miaka 30, na watu hao hamna hata orodha ya majina yao.

Nasema hamna kwa sababu nimeitafuta. Baada ya mazishi ya mzee nilikwenda ofisi moja, nayo siitaji, kuulizia daftari la gengi lake. Nilitaka nakala ya ukurasa mmoja tu wenye jina lake. Kijana wa pale alinipokea vizuri, shikamoo na kiti, kisha akaniambia madaftari ya zamani yalichomwa walipokuwa wanasafisha stoo. Aliyatamka kama mtu anayezungumzia majani makavu. Nikamuuliza, picha za Wajerumani nazo mlichoma? Akasema hapana, zile ni za historia.

Nimerudi nyumbani na neno hilo na sijaweza kulimeza. Picha ya mgeni aliyesimama mbele ya kichwa cha treni siku moja ni historia, na daftari la watu waliotembea njia ileile kila asubuhi ni takataka za stoo!

Basi kama wao hawana, tuandike humu. Mwenye baba, babu, mjomba, shangazi aliyefanya kazi njia ya Tanga aweke: stesheni gani, kazi gani, miaka gani. Mtu wa gengi, mtu wa pointi, gadi, dreva, stesheni masta, mama aliyeuza machungwa Muheza dirishani, wote. Mwenye tikiti ya zamani au ratiba apige picha. Msiweke namba za simu, wekeni kumbukumbu.

Na kuna jambo moja nalitafuta kuliko yote. Treni ya mwisho ya abiria ya miaka ile ya 90, kabla hawajaziondoa: nani humu alikuwemo, au alikuwa stesheni ikipita? Ilipita Hedaru saa ngapi? Baba alikuwa zamu siku hiyo, na hakuwahi kunisimulia.