Tupeane uzoefu: ukishaingia kwa mwanasaikolojia, mnafanya nini humo ndani?

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Mtu akilalamikia pombe, ndoa au ndoto mbaya anaambiwa "muone mwanasaikolojia". Haya, ukishafika? Naanza mimi.

Nilikuwa mtu wa viroba, zile pombe kali za vipakiti. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nyumbani walishangilia, mimi nikahamia chupa ndogo. Kilichobadilika ni bajeti tu. Siku naenda kwa mwanasaikolojia, mama mmoja, nilijiandaa kwa mawaidha. Hakunipa hata moja. Alinipa daftari: kabla ya funda la kwanza andika ni saa ngapi, uko wapi, umetoka wapi, moyoni kuna nini. Baada ya wiki kadhaa akaniambia nimsomee mwenyewe. Jumapili. Jumapili. Jumapili tena. Mwanangu anaishi na mama yake Kigamboni; nikishamrudisha, nikashuka pantoni upande wa Magogoni, miguu inaingia grosari yenyewe. Miaka yote hiyo nawasingizia jamaa wa kazini! Kuanzia hapo tulimzungumzia mtoto kuliko pombe.

Mzee wa Dozi
Mimi nilikuwa wa unga, yaani heroini, miaka tisa. Huduma ya methadoni, dawa ya kuwatibu walioshikwa na unga, ilipoanza Muhimbili mwaka 2011 niliwacheka wenzangu waliokimbilia kule. Baadaye nikaingia mwenyewe, hospitali ya Mwananyamala. Dawa ni bure, ila unaifuata kila siku na unainywa muuguzi akikutazama. Mtaani wanasema tumetoka kuwa mateja wa maskani tumekuwa mateja wa serikali. Waseme. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, iliondoka, nikalala, nikala chakula kikashuka.

Lakini dozi haikufundishi kupita maskani ya zamani ukiwa na buku tano mfukoni. Hilo nililipata kwenye kikundi cha ushauri nasaha. Mshauri alisema hamu ni kama mvua ya hapa Dar: inashuka kwa kishindo utadhani haitakata, kumbe ina mwisho wake. Usibishane nayo, tafuta pa kujibanza, tazama saa. Mara ya kwanza nilikaa kwa muuza kahawa dakika ishirini na tano, nimeloa jasho. Ikapita. Nimeteleza mara mbili pia. Sikufukuzwa wala kusimangwa. Niliulizwa, "Siku ile ilianzaje tangu asubuhi?"

Binti wa Tandika
Yangu ni ajali ya bodaboda. Mguu ulipona, ila nikisikia pikipiki ikipiga resi nyuma yangu nalowa mikono, na usiku naiota ajali ileile. Shangazi akasema ni jini, nikasomewa. (Simlaumu, alitumia alichokijua.)

Mtaalamu hakunilazimisha kusimulia ajali siku ya kwanza. Tulianza na kupumua: kutoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta. Kisha tukapanga ngazi. Ya chini, kukaa na dada yangu kijiweni kwa bodaboda, pikipiki zimezimwa. Halafu zimewashwa. Halafu kukaa juu ya moja iliyosimama. Hupandi ngazi inayofuata mpaka hii uliyopo uizoee, isikutishe tena. Kusimulia kulikuja baadaye, na nilirudia mpaka nikaweza kumaliza bila kulia. Kupanda kabisa bado, msinicheke.

Kaka Mkubwa
Bei je?

Mleta uzi
Inategemea, mkuu. Anzia hospitali ya serikali, uliza kitengo cha afya ya akili.

Mama Wawili
Mimi niwape upande wa pili. Wa kwanza tuliyeenda kwake na mume wangu alituweka pamoja, akaniambia mwanamke ni kuvumilia. Hayo kungwi alishaniambia, tena bure! Na ningesema nini wakati anayenipiga kakaa pembeni yangu?

Wa pili alimwona kila mmoja peke yake kwanza. Aliponiuliza kama naogopa kurudi nyumbani, nilinyamaza, na alielewa. Akasema vikao vya pamoja havianzi mtu akiwa anapigwa. Tukaanza na mimi na watoto tutalala wapi. Kwa hiyo jamani, akianza kuwahubiria, nyanyuka uondoke.

Mleta uzi
Mama Wawili, pole sana dada yangu, na asante. Jumapili hii ni zamu yangu ya mtoto. Nikishuka Magogoni nampigia kaka yangu, tunaongea mpaka nipande daladala. Yeye mwenyewe nimeshamwambia asizime simu.