Mtoto ana hemofilia, goti ni lile lile linavimba kila mara, hii sindano mpya inasaidia kweli?

Mama_Junior_Moro
Habari zenu wapendwa, naombeni mwenye uelewa anisaidie. Mwanangu ana miaka 6, alipotahiriwa damu ilikataa kukata siku tatu ndo tukajua ana hemofilia A, ule ugonjwa wa damu kutoganda. Shida sasa ni goti la kushoto, mwezi hauishi bila kuvimba, linakuwa la moto, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, analala amelikunja na usiku analia mpaka na mimi nalia. Juzi nikampeleka zahanati ya jirani wakasema baridi yabisi wakampa diklofenaki. Kliniki anachomwa faktori, ile protini ya kugandisha damu, akishavimba tu, nimesikia kuna sindano mpya ya chini ya ngozi watoto wanakaa bila kutoka damu, ni kweli? Na italinyoosha hili goti?

Binti_Maabara
Pole sana mama. Kwanza hiyo diklofenaki acha leo hii, aspirini na ibuprofeni pia asiguse, zinafanya damu izidi kuvuja. Maumivu mpe parasetamo, na asichomwe sindano ya tako.

Sindano unayoulizia ni emisizumabu, kwenye boksi imeandikwa Hemlibra. Marekani waliiruhusu 2017 kwa wale ambao mwili unaikataa faktori, 2018 ikaruhusiwa kwa wenye A wengine pia. Yenyewe siyo faktori 8, ile anayopungukiwa mwenye A, ila inafanya kazi yake, inashika faktori 9 huku na 10 kule inazikutanisha damu igande. Faktori 8 ya kawaida nusu yake inaisha mwilini ndani ya saa 12 hivi, hii inakaa, ndo maana inachomwa mara moja kwa wiki, wengine kila wiki 2 au 4.

Kifundo_Tanga
Dada mimi nina hemofilia B, hiyo sindano yenu wa A hainifai, lakini goti la mwanao nalijua. Damu ikiingia kwenye kiungo haipiti tu, madini ya chuma yaliyomo yanauchokoza ule utando wa ndani, unanenepa, unaota vimishipa vipya vilaini ambavyo navyo vinapasuka kirahisi, ndo maana kila siku ni goti lile lile, na gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, inaliwa pole pole. Kifundo changu cha mguu wa kulia kiliishia hivyo, hakikunjiki tena.

Kungoja livimbe ni kuchelewa. 2007 Marekani walitoa utafiti wa watoto wa kiume 65, wengine wakichomwa mapema kuzuia wengine mpaka damu ivuje, walipofika miaka 6 wakapigwa MRI, ile picha ya kuona ndani ya viungo, wa kuzuia asilimia 93 viungo vilikuwa vizima, wa kungoja 55. Na mtoto huwa anasikia kabla ya uvimbe, mimi nilikuwa nasikia kama soda inachemka ndani ya kifundo. Muulize wako anasikiaje.

Mama_Junior_Moro
Jamani. Jumanne asubuhi aliniambia mama kuna sisimizi wanatembea kwenye goti, nikajua hataki shule nikamvalisha viatu. Saa nane karudi amebebwa mgongoni.

Kifundo_Tanga
Hao sisimizi ndo wenyewe. Akiwataja tena muwahi faktori saa ile ile, usingoje uone uvimbe.

Binti_Maabara
Usijilaumu mama, hakuna aliyekwambia. Kuhusu kunyoosha, sindano inazuia damu mpya, gegedu iliyokwisha kuliwa hairudishi. Goti linanyooshwa na mtu wa fiziotherapia, taratibu, damu ikishatulia, msilivute kwa nguvu nyumbani. Na hata akianza hiyo dawa, siku akivuja bado atahitaji faktori 8. Muhimbili kuna kliniki ya hemofilia, muulize daktari kwa jina la dawa, Shirikisho la Hemofilia Duniani huwa linaitoa kama msaada kwa nchi zetu, ila uliza mapema mgao ukoje.

Mama_Junior_Moro
Nimeliandika jina nyuma ya kadi ya kliniki, Jumatatu tunapanda basi la alfajiri. Sasa hivi kalala, mto chini ya goti, hajalia tangu magharibi. Mungu awabariki sana.