Naomba ushauri: kunguni katika wodi ya wagonjwa waliolazwa
Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu wa kudhibiti kunguni mahali ambapo vitanda havikai vitupu. Katika wodi ninayoisimamia tumekuta madoa meusi kama nukta za wino kwenye mishono ya magodoro, na maganda yao ndani ya matundu ya skrubu za vitanda. Shuka tunazifua kwa maji ya nyuzi joto 60 na kuzikausha kwa joto kali, jambo linaloua kunguni pamoja na mayai yao, lakini godoro na fremu haviingii kwenye mashine. Kupulizia dawa wagonjwa wakiwamo, wengine wakiwa na pumu, sikuafiki hata kidogo. Isitoshe, kunguni wengi siku hizi ni sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi. Je, mvuke wa moto unatosha, na urudiwe lini, ikizingatiwa kwamba mayai huanguliwa baada ya takriban siku 6 hadi 10? Mizigo ya wagonjwa wapya nayo ikaguliwe vipi bila kuwadhalilisha? Nitashukuru hasa kusikia kutoka kwa waliowahi kuhamisha wagonjwa ili kusafisha chumba kimoja kimoja, kwa kuwa nahofia tutawasambaza wadudu hao hadi wodi jirani.