Sikio la mbwa linanuka na kutoa uchafu: siki, matone ya dukani au daktari?

MamaBosko, Kigamboni
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina Labrador dume wa miaka mitatu, Bosko. Jumapili nyingi tunashuka naye baharini, na tangu masika yaanze sikio lake la kulia halitupi usingizi. Usiku anatikisa kichwa mpaka kola inalia. Leo nimelikunjua nikakuta wekundu, uchafu wa kahawia unaonata vidoleni, na harufu kama ya togwa iliyopitiliza. Nikimshika chini ya sikio analia.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Jirani anasema siki na maji, nusu kwa nusu. Muuza dawa za mifugo ameniuzia kichupa cha matone bila kumwona mbwa. Dada yangu anasema nimpeleke kwa daktari wa mifugo, na hapo ni kuvuka kivuko na mbwa wa kilo thelathini. Waliopitia haya, kipi kiliwasaidia na kipi kiliwadhuru?

MzeeTengeru
Marahaba mwanangu. Siki nimeitumia miaka mingi. Kwa sikio zima, mbwa akishaoga, hiyo nusu kwa nusu inakausha vizuri na fangasi haupendi uchachu wake. Kwa sikio lililochubuka inaunguza. Nilikuwa na jike mpole, watoto wakimlalia tumboni. Siku niliyommiminia siki kwenye sikio bichi alinirukia mkono, na tangu hapo hakuniruhusu kumgusa kichwa tena. Kosa lilikuwa langu. Analia ukimshika? Basi weka siki pembeni.

Mafuta ya nazi nayo usimimine ndani, yanashikana na uchafu na kuziba. Na mkague kupe kwenye mikunjo, hupenda kujificha humo.

Dokta_Moro
Dada MamaBosko, mimi ni daktari wa mifugo, nipo Morogoro. Mzee amesema kweli kuhusu siki. Niongeze hili.

Tundu la sikio la mbwa halinyooki kama letu. Linashuka kwanza, kisha linakata kona kuingia kichwani, kama herufi L. Maji ya bahari yakifika kwenye kona hayatoki kirahisi, na sikio la Labrador limelalia juu kama kifuniko cha chungu. Kuna joto, unyevu na giza. Fangasi wa jamii ya malasezia, ambao kwa kawaida hukaa pale bila kumsumbua mbwa, wanazaliana kupita kiasi.

Uchafu wa kahawia wenye harufu ya kuchacha mara nyingi ni fangasi. Ukiwa mweusi na mkavu kama machicha ya kahawa, hasa kwa mtoto wa mbwa au mbwa anayelala na paka, nashuku utitiri. Usaha wa njano au kijani wenye uvundo na maumivu makali unanifanya niwaze bakteria, tena wengine wasiosikia dawa nyingi. Lakini macho hudanganya, na mara nyingi fangasi na bakteria huwa pamoja. Ndiyo maana tunachukua uchafu kwa kijiti cha pamba, tunaupaka kwenye kipande chembamba cha kioo, tunautia rangi na kuuweka chini ya hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Malasezia anaonekana kama ganda la karanga, lenye kiuno katikati. Ukimwona mara moja humsahau.

Jingine ni ngoma ya sikio. Kama imetoboka, unachomimina kinaingia sikio la kati, na dawa kama jentamisini (antibayotiki) au klorheksidini (ya kuua vijidudu) zikifika ndani zinaweza kumwacha mbwa kiziwi au akiyumba. Muuza duka hawezi kuiona ngoma hiyo akiwa nyuma ya kaunta. Tafadhali usitie matone yale bado. Na ukiona Bosko anapindisha kichwa upande mmoja, anayumba au macho yanachezacheza, usingoje kesho.

Swali langu kwako: analamba nyayo au kujikuna kwapani?

ChuiNairobi
Mimi nafuga mbwa wa ulinzi huku Nairobi, na njia ya matone ya duka niliifuata hadi mwisho. Nilinunua antibayotiki mara tatu. Kila mara sikio lilitulia siku nne, nikaacha, likarudi baya zaidi. Kumbe ulikuwa fangasi, na antibayotiki haimgusi. Kwa kutikisa kichwa usiku na mchana, mshipa ukapasuka ndani ya sikio. Nilimkuta asubuhi sikio limevimba, limejaa damu, laini na la moto kama chapati iliyotoka kikaangoni. Alifanyiwa upasuaji. Ukijumlisha vile vichupa vitatu na upasuaji, ningempeleka kwa daktari mara nne na chenji ikabaki.

Na kuna njia ya nne ambayo hujaitaja lakini utaambiwa tu: sindano ya ivamektini, ile ya minyoo ya ng'ombe. Rafiki yangu alimdunga chotara wa Collie akidhani ana utitiri. Mbwa alitetemeka, hakuona kwa siku mbili, tukakesha naye. Collie wengi na machotara wao wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Kwa utitiri siku hizi kuna dawa za kudondoshea shingoni na vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

MamaBosko, Kigamboni
Dokta, nyayo analamba kila jioni! Manyoya ya katikati ya vidole yamegeuka mekundu, mimi nikidhani ni mchanga wa pwani. Nimeamua, Alhamisi tunavuka. Nimsafishe sikio kwanza ili daktari asikute aibu ile?

Dokta_Moro
Hapana dada. Mpeleke lilivyo. Uchafu huo ndio kipimo chenyewe.

Spaniel_Mbweni
Cocker Spaniel wangu ana masikio mazito kuliko ya Bosko, kwa hiyo acha nieleze usafishaji, maana ndio utakaobaki nao baada ya matibabu.

Nimejaribu vitu vitatu. Peroksaidi inatoa povu unafurahi, lakini inawasha ngozi na kuacha unyevu, nimeiacha kabisa. Maji ya chumvi ya hospitali ni mpole, ila hayayeyushi nta. Dawa maalumu ya kusafishia masikio ya mbwa inayeyusha nta na kukausha, na ndiyo ninayotumia. Ghali, ndiyo, lakini chupa moja inanichukua miezi.

Kichupa nakiweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwanza, maana dawa baridi humshtua mbwa. Nanyanyua sikio juu, najaza mpaka nione dawa, kisha nakanda shina la sikio pale chini, ambapo unahisi kitu kigumu kama bomba, kwa sekunde thelathini. Ukisikia mlio wa kuchapachapa, kama mtu anakanda unga wenye maji mengi, ujue dawa imefika konani. Halafu namwachia atikise kichwa (tandika kanga ya zamani, uchafu unaruka hadi ukutani). Mwisho nafuta kwa pamba hadi kidole kinapofika, basi. Vijiti vya pamba visiingie tunduni, vinashindilia uchafu chini.

Usisafishe kila siku pia. Mimi nilizidisha, sikio likawa bichi kwa mikono yangu mwenyewe.

MamaBosko, Kigamboni
Wapendwa, nimerudi na majibu. Kwenye kivuko watu walitupisha, Bosko akalala miguuni pangu safari nzima huku ameinamisha lile sikio.

Ngoma ni nzima. Hadubini ilionyesha fangasi wengi na bakteria wachache wa duara. Daktari alinipisha nikachungulia, na kweli ni maganda ya karanga yamejaa kioo kizima. Alipewa matone yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na ya kupunguza uvimbe kwa siku 14, pamoja na dawa ya kusafishia mara mbili kwa wiki. Kile kichupa cha dukani kilikuwa antibayotiki peke yake.

Siku ya nne harufu iliisha na mkono wangu ukaanza kuwa mzito kwenye matone. Nikamkumbuka ChuiNairobi, nikaendelea. Jana kipimo kimerudiwa, kioo ni safi. Baharini tutarudi, ila kila tukitoka nitamsafisha na kumkausha masikio yote mawili.

Daktari anaona mzizi ni mzio (aleji), labda wa chakula, kwa sababu ya zile nyayo. Kwa wiki nane Bosko atakula nyama ya mbuzi na viazi vitamu tu, vitu ambavyo hajawahi kuvila. Dagaa na ugali alivyozoea vimesimama, na watoto nimewakataza kumdondoshea chochote mezani. Kama kuna anayemfahamu muuzaji wa nyama ya mbuzi ya bei nafuu upande huu wa Kigamboni, naomba anielekeze.