Umemfukuza mwenyewe, umemziba njia mwenyewe, umempiga risasi, halafu "nilikuwa najilinda"?

Wakuu, nimechoka, na leo naandika hivi hivi hasira zikiwa bado juu. Kila ikisambaa video ya mwenye pikipiki na mwenye gari wamekunjana barabarani, maoni ni yale yale. "Angekuwa na chuma (yaani bastola) angeheshimiwa." "Ningekuwa mimi ningemmaliza pale pale." Halafu vicheko. Mtu mzima, pengine baba wa watoto, anaandika kwamba saiti mira iliyovunjika ilipwe kwa roho ya mtu, na wenzake wanampigia makofi.

Mimi ni mtu wa pikipiki, kwa hiyo msije kuniambia siwajui madereva. Nawajua sana. Najua kuchomekewa bila indiketa, najua kubanwa hadi ukingoni na mtu aliyeshika simu, najua mlango unaofunguliwa ghafla mbele yako. Na bado nasema bastola haina kazi kwenye ugomvi wa foleni, awe kaishika dereva au mwenye pikipiki.

Tuanze na neno hili "kujilinda" ambalo kila mtu analitupa anavyotaka. Nchi zinatofautiana, lakini sheria nyingi zinauliza maswali yanayofanana. Je, hatari ilikuwa inakuja muda huo huo, au ilishapita? Nguvu uliyotumia ilikuwa ya lazima? Ililingana na hatari yenyewe? Na nani aliyaanzisha? Tusi halimpi mtu ruhusa ya kuua, na saiti mira ndiyo kabisa. Hata Florida, ambako sheria ya 2005 iliondoa wajibu wa kurudi nyuma kwanza kabla ya kutumia nguvu, mtu aliyechokoza mwenyewe ana kazi kubwa ya kueleza kabla hajaitumia sheria hiyo kama ngao.

Sasa mnisikilize vizuri. Ukishageuza njia yako ili kumfuata mtu, wewe si mtu anayejilinda tena. Unawinda. Alikuchomekea, akakutukana, akaondoka zake. Hatari imeondoka naye. Wewe ukakanyaga mafuta ukamfuata hadi taa za mbele, ukamziba, ukashuka. Alipokusogelea ukatoa silaha kwa sababu "niliogopa". Uliogopa nini wewe uliyemfuata?

Kuna tukio la Orange City, Florida, Novemba 2021, ambalo nalitoa kila mara watu wakianza ushujaa wa maneno. Mwanamke mjamzito aliyekuwa kwenye gari alidaiwa kumgonga mwenye pikipiki kisha akaondoka. Mwenye pikipiki akamfuata, na watu wengine walioshuhudia nao wakafuata, simu za polisi zinapigwa njiani. Wakafika hadi nyumbani kwake. Yule mama akaingia ndani, akatoka na bunduki. Mwenye pikipiki naye alikuwa na bastola anayoimiliki kihalali. Akampiga risasi yule mama, akafa. Mwendesha mashtaka hakumshtaki. Kwa kipimo cha ile sekunde ya mwisho, sibishi naye: umeelekezewa mtutu, utafanya nini? Mimi nauliza kuhusu dakika zote zilizotangulia. Namba za gari zinasomeka ukiwa nyuma yake. Polisi walishapigiwa. Mlangoni kwake palikuwa na nini ambacho askari asingekifuata mwenyewe? Wote wawili walikuwa na haki kichwani mwao, wote wawili walikuwa na silaha, na aliyeishia kaburini alikuwa na mimba.

Na msinieleze kwamba tatizo ni bastola peke yake, kwa sababu gari lenyewe ni silaha tosha, na kofia ngumu nayo ikishikwa mkononi. New York, Septemba 29, 2013: kundi la pikipiki lilimzingira mtu aliyekuwa na mkewe na mtoto wa miaka miwili kwenye gari. Aliona wanapasua tairi na kugonga gari, akakanyaga mafuta akampitia mmoja wao, ambaye alipooza. Wenzake wakamfukuza hadi foleni ilipomkwamisha, wakavunja kioo kwa kofia ngumu, wakamvuta nje wakampiga mbele ya familia yake. Kwenye kundi lile alikuwemo na askari kanzu, naye akatiwa hatiani 2015. Hapakufyatuliwa risasi hata moja. Fikiria tu kama yule baba angekuwa na bastola na wale vijana nao wanazo. Leo tungekuwa tunahesabu maiti, na yule mtoto angekuwa katikati.

Wenye pikipiki wenzangu mnaochekelea hapo, nanyi ndio mnaoniharibia. Philadelphia, Oktoba 2023, jamaa alipanda juu ya gari la mama mwenye watoto wawili nyuma, akakipiga kioo cha nyuma kwa miguu hadi kikapasuka, mama aliposhuka akamtolea bastola. Huyo naye mtamtetea kwa kuwa ni wetu? Kila mnapopiga saiti mira teke na kutoroka, dereva anayefuata ananiona mimi na kukumbuka teke lenu. Sipo tayari kulipa madeni ya mtu nisiyemjua.

Sasa langu. Nipo foleni, napenya taratibu kati ya mistari miwili ya magari yaliyosimama. Gari moja jeupe likachomoka upande, hakuna indiketa, likaniziba. Nikabana breki zote, tairi la nyuma likateleza, nikasimama mguu wangu umegusa bampa lake. Sikumgonga. Nikasogea usawa wa dirisha, nikagonga kioo kwa kidole nimuulize kulikoni. Kioo kikashuka nusu. Bwana wa makamo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine pajani, na pajani bastola nyeusi, mtutu unaangalia mlango, yaani tumbo langu. Hakunitazama kama mtu mwenye hofu. Simu yake ilikuwa kwenye spika, sauti ya mwanamke inauliza umefika wapi. Akajibu kwa upole kabisa, "Nipo njiani," macho yake kwangu. Pikipiki yangu haina gia ya kurudi nyuma, kwa hiyo nikaisukuma kwa miguu, kisigino kwa kisigino, huku nikiona kile kioo kinapanda tena.

Huyo alikuwa anajilinda na nini? Kidole? Amefungiwa ndani ya bati na vioo, mimi nimevaa koti. Yeye ndiye aliyeniziba. Kuonyesha silaha ili mtu anyamaze kuna jina lake: ni kutishia, na kwenye nchi nyingi ni kosa hata kama hujafyatua. Nilipokwenda kuripoti, ofisa wa zamu akaniuliza, "Kwani amekupiga?" Nikamwambia hapana. Akasema basi mshukuru Mungu, akaendelea na karatasi zake. Yaani malalamiko yangu yangepokelewa kama ningekuja nimebebwa.

Mnaosema "risasi moja tu inamaliza ubishi", mnajua mnachokisema? Askari wa New York, watu wanaolipwa kufundishwa kulenga, tangu 1972 kanuni zao kwa kawaida zinawakataza kufyatulia gari linalotembea isipokuwa wanashambuliwa kwa silaha nyingine zaidi ya gari lenyewe. Kwa sababu unakosa. Kwa sababu kioo kinapotosha risasi. Kwa sababu ukimpata dereva, gari halisimami, linaendelea bila mwenyewe hadi kwa watu. Wewe uliyefyatua mara ya mwisho siku ya kuchukua leseni ya silaha, mikono inatetemeka kwa hasira, umezungukwa na foleni ya familia za watu, ndiyo utalenga?

Na hii chuki ya madereva kwamba sisi tukipenya kwenye foleni ni wahuni nayo ina mwisho wake. California imehalalisha kupenya huko kisheria tangu 2017, na jimbo la New South Wales kule Australia tangu 2014, huko ikiwa ni kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Kwenye utafiti mkubwa wa ajali 900 za pikipiki uliofanywa Los Angeles na kuchapishwa 1981, kati ya zile zilizohusisha pikipiki na gari jingine, takriban theluthi mbili dereva wa gari ndiye aliyeingilia haki ya njia ya pikipiki, na sababu kubwa ilikuwa kwamba hakuiona. Hakuiona! Ndiyo maana napiga honi. Honi yangu inasema nipo hapa, haisemi nakutukana. Ukishusha kioo na kunitolea bastola kwa ajili ya honi, una matatizo yako uliyotoka nayo huko.

Dereva ukizingirwa kweli, funga milango, endelea kutembea, piga simu, nenda palipo na watu wengi au kituo cha polisi, usiwapeleke kwako. Kwenye foleni acha nafasi mbele yako ya kuweza kuchomoka. Mwenye pikipiki, una chombo kinachopita popote, pita uende zako. Chukua namba, weka kamera kwenye kofia. Kumfuata mtu mkamalizane hakuna hata siku moja kulikorudisha saiti mira.

Kwenye maoni sitaki "ningekuwa mimi". Nataka wenye leseni za silaha waje hapa watuambie: siku mnapewa, mlielezwa nini kuhusu kumtolea bastola mtu aliyegonga kioo chako kwenye foleni? Na kama hamkuelezwa kitu, ni nani aliyewasainia?