Land Rover Series III ya petroli inazima ikishapata joto, ikipoa inawaka. Tatizo ni nini?

Mdau_Kitonga:
Wakuu, naomba msaada. Gari ni Land Rover Series III, injini ya petroli lita 2.25, kabureta ya Zenith, distribyuta ya Lucas ya pointi (swichi ndogo inayofunga na kukata umeme wa koili). Asubuhi inawaka mara moja. Ikitembea kama nusu saa, hasa ikipanda mlima, inaanza kukatakata, nguvu inapotea, inazima. Starta inazungusha vizuri ila haiwaki. Ikipumzishwa dakika 20 inawaka kama kawaida. Geji ya joto haipandi, rejeta haichemki. Nimeshabadilisha plagi, koili na filta ya mafuta. Plagi zikitolewa zina masizi meusi. Fundi mmoja anasema pampu ya mafuta, mwingine kabureta. Nianzie wapi?

BonetiWazi:
Petroli inachemkia kwenye bomba hiyo. Kabureta ya 2.25 imekaa juu ya manifoldi ya kuingiza hewa, nayo imefungwa pamoja na ya ekzosi, joto lote linapanda juu. Bomba la mafuta liweke mbali na ekzosi, ulivishe kinga ya joto. Ikigoma, funga pampu ya umeme karibu na tanki.

FundiPointi:
Inawezekana, lakini hilo bado ni la kubahatisha, na pampu ya umeme ni pesa. Mkuu, usinunue kitu bado. Pima palepale ilipozimia, ndani ya dakika chache za mwanzo, maana ikishapoa hutaona chochote. Tembea na plagi moja ya ziada, taa ya majaribio ya volti 12 na multimita.

Anza na mafuta. Swichi ikiwa imezimwa, vua mpira wa hewa juu ya kabureta, chungulia kooni huku ukivuta mkono wa pedali. Petroli ikiruka mstari mwembamba, bakuli lina mafuta, pampu haina kosa. Isiporuka, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Kama kimya, angalia kikombe cha uchafu cha pampu, kisha kama mabomba hayanyonyi hewa kwenye viungo.

Rudisha mpira kwanza, ndipo uende kwenye moto wa plagi. Cheche na petroli iliyo wazi usivikutanishe. Chomeka plagi ya ziada kwenye waya mmoja wa plagi, chuma chake kiguse injini, mtu apige starta. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Ya njano iliyo nyembamba ni mbovu. Moto ukiwa mzuri lakini plagi za injini zimelowa, imekunywa mafuta kupita kiasi: kanyaga pedali mpaka chini, uishikilie hapo bila kupampu, piga starta.

Moto ukiwa dhaifu au haupo, funga taa ya majaribio kati ya terminali hasi ya koili na bodi, piga starta. Inatakiwa iwake na kuzima. Ikiwaka muda wote, pointi hazifungi au sahani yake haina ethi (haijaungana na bodi). Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili, ama pointi hazifunguki, ama kondensa (kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye pointi) ina shoti.

Halafu pima koili yenyewe: toa nyaya zake ndogo, weka mita kati ya chanya na hasi. Gusanisha ncha za mita kwanza, namba utakayoona uitoe kwenye jibu. Hiyo koili mpya ilinunuliwa kwa kigezo gani? Duka nyingi huuza koili ya volti 12 bila kuuliza kama gari lina balasti, yaani rezista inayopunguza umeme unaoingia kwenye koili.

Mdau_Kitonga:
Mrejesho. Imezima leo nikapima. Petroli inaruka vizuri kabureta. Cheche ni ya njano, tena inakatika. Taa inawaka na kuzima. Koili haishikiki kwa joto. Mita inasoma omu 1.5 baada ya kutoa za nyaya. Pointi zimeungua, zina rangi ya bluu na kichuguu upande mmoja.

FundiPointi:
Hapo ndipo penyewe. Omu 1.5 ni koili ya gari lenye balasti. Injini yako kwa kawaida haina, inataka koili ya omu 3 hivi. Kwa volti 13.5, koili ya omu 3 inavuta ampea 4.5, hii inavuta 9 kila pointi zinapofunga. Joto ndani ya koili linakuwa karibu mara mbili, na pointi zinakatisha mkondo ambao hazikutengenezewa. Mlimani injini inafanya kazi nzito, boneti imejaa joto, koili inalegea. Ikipoa inarudi.

Nunua koili isiyohitaji balasti, upime dukani kabla hujalipa. Ukilazimika kubaki na hii, funga rezista ya balasti ya omu 1.5 kwenye waya wa chanya, ikae kwenye chuma mbali na nyaya, maana inaunguza.

Pointi weka mpya. Zifute kwanza, zina mafuta ya kinga. Mwanya ni milimita 0.35 hadi 0.40, kisigino cha pointi kikiwa kwenye kilele cha kamu (uvimbe wa shafti unaozifungua), na grisi kidogo sana kwenye kamu. Taimingi seti baada ya mwanya, kamwe si kabla: mwanya ukiongezeka, moto unatangulia.

Zenith_Mkongwe:
Naongeza mambo matatu. Kondensa badilisha pamoja na pointi. Yenye afya husoma mikrofaradi 0.18 hadi 0.25, ila inayokufa kwa joto inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi, kwa hiyo usiiamini mita peke yake. Kile kichuguu kwenye pointi kinaelekeza hukohuko.

Rota nayo, kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta: vua mfuniko wa distribyuta, washa swichi, pointi ziwe zimefunga. Shika waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpira, ncha ikae milimita 3 juu ya shaba ya rota, uzifungue pointi kwa bisibisi ya mpini wa plastiki. Cheche ikirukia rota, rota inavujisha moto kwenye shafti. Zile zenye riveti katikati ndizo husumbua zaidi.

Masizi usiyaache. Moto dhaifu unayaleta, ni kweli, lakini mfuniko wa Zenith 36IV hupinda kwa joto, au kipira chake cha duara kinakufa, petroli inavujia kooni na skrubu ya mchanganyiko haikutii tena. Ukishamaliza umeme, izungushe hiyo skrubu wakati injini inanguruma bila pedali. Mngurumo usipobadilika, vua mfuniko, weka msasa namba 400 wenye maji juu ya kioo kinene, usugue kwa duara hadi uso wote upate rangi moja. Kipira kipya, gasketi mpya, skrubu zikazwe kidogokidogo kwa kupishana. Ukizikaza kwa hasira utaupinda upya.

Mdau_Kitonga:
Nimewaelewa wakuu. Balasti ya kauri inapatikana kirahisi au nitafute koili tu?

FundiPointi:
Koili. Balasti inaongeza viungo viwili vya kulegea kwenye gari linalotikisika hivyo.